Madaftari Sita Niliyoyabeba Mwenyewe

Sindano niliiona mimi mwenyewe, na niliiona kwenye choo cha wanawake. Kabla mtu hajaniuliza nilikuwa natafuta nini huko, komeo la mlango lilikuwa limevunjika, na kwangu fundi ni mimi. Sijawahi kumlipa mtu agonge msumari ambao mkono wangu unaweza kuugonga. Nilikuwa nimepiga magoti, bisibisi mdomoni, nikaona kitu nyuma ya ndoo ya maji. Sindano ndogo, nyembamba, ina kifuniko cha rangi ya chungwa.

Nilikaa pale sakafuni. Niliigeuza kwa ncha ya bisibisi.

Nina kiwanda kidogo cha makadamia hapa Thika. Wengine wanakiita banda, kwa sababu ni mabati, lakini sakafu yake ni simiti laini kuliko ya nyumba zao, na kokwa zinazotoka pale zinapanda ndege. Shule niliacha darasa la tatu. Nilianza na nyundo moja na jiwe moja nyuma ya nyumba yangu kule Ruiru, nikivunja maganda mpaka kucha zikawa nyeusi. Sasa wanawake ishirini na mmoja wanakaa kwenye meza nne ndefu wakichambua: nyeupe huku, yenye doa kule, iliyooza chini. Wanunuzi wakija wanakagua hata kucha za watu. Nikajiambia, mtu anajidunga dawa za kulevya ndani ya nyumba ya chakula, na siku mnunuzi atakapoiona sindano hii, mimi nitarudi kwa nyundo yangu.

Nikazima mashine. Nikawaambia wote wasimame kando ya ukuta, nikainua ile sindano juu.

"Hii ni ya nani?"

 Wote walikuwa na kofia za neti na maski zinazofika puani, macho tu ndiyo yanaonekana. Nikasema nitangoja, na nikichoka kungoja, wote ishirini na mmoja wataenda nyumbani na kesho nitaandika wengine. Hilo halikuwa tisho la mdomo. Nje ya geti langu kila asubuhi watu wanaotafuta kibarua hawakosekani.

Hapo ndipo mama mmoja wa meza ya tatu akashusha maski.

"Ni yangu, Mzee. Ni ya sukari."

Sikuelewa. Mimi nilijua ugonjwa wa sukari ni wa watu wanene wanaokula nyama kila siku na kutembea kwa gari. Huyu alikuwa mwembamba kama ufito, anakaa Makongeni chumba kimoja na watoto wake, na kazini anakuja kwa miguu. Tena, kati ya wote, ndiye aliyekuwa na jicho. Wengine huigeuza kokwa mara mbili, tatu, kabla ya kuamua. Yeye alikuwa anaipitisha tu kidoleni na anajua imeoza ndani. Nilikuwa nikimwonyesha kwa wageni. Tazameni huyo, nawaambia, huyo mashine haimfikii.

Nikamwuliza ana ugonjwa huo tangu lini. Akasema tangu kabla hajaja kwangu, na kwangu amekaa mwaka wa sita. Kwamba anajidunga asubuhi kabla ya kutoka nyumbani, na tena saa saba. Kwamba dawa haitaki joto, kwa hivyo huibeba kwenye chupa ya chai iliyo na maji baridi. Ile chupa nilikuwa nimeiona miaka sita. Nilidhani anapenda chai.

Hapa lazima nieleze jinsi nilivyokuwa nafanya kazi, kwa sababu bila hilo hakuna mtu atakayeona kwa nini nilipigwa na butwaa. Kila asubuhi wanawake walikuwa wanatia vitambulisho vyao kwenye kopo la rangi pale getini. Mimi navichukua kimoja kimoja, nasoma jina, na mwenye jina, akiwa ameshavaa koti jeupe, kofia na maski, anaingia. Karani anatia alama kwenye daftari. Kitambulisho nabaki nacho mpaka jioni, na jioni tukirudishiana, tumeachana. Kibarua ni wa leo. Kesho ni mwanzo mwingine. Ukikosa siku moja, nafasi yako inachukuliwa na aliye getini, na hatulaumiani. Na mgonjwa ni wa kukaa nyumbani. Mimi mwenyewe nilichuma kahawa Ruiru nikiwa kijana, na homa mwilini, debe kwa debe, meno yakigongana juani, na hakuna aliyenipa godoro. Niliwaambia hivyo wafanyakazi wangu mara nyingi. Niliwaambia kama mtu anayetoa baraka.

Sasa nikamwuliza huyu mama: mtu wa sukari si ana kliniki?

"Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi."

"Na hujawahi kukosa kazi. Daftari linasema hujawahi kukosa hata siku moja."

Akainama. Mwanamke wa kando yake akaanza kukohoa kikohozi cha uongo. Mwisho akasema siku ya kliniki huja wifi yake. Huvaa koti na maski, huchukua kitambulisho chake, hukitia kwenye kopo, huitikia jina lake na kukaa kwenye kiti chake mpaka jioni.

Miaka sita. Yaani kila mwezi kulikuwa na siku moja ambayo niliita jina, nikamwangalia mtu machoni, nikampitisha, na hakuwa yeye. Mimi ninayejisifu kwamba nikiwa mlangoni naona kokwa yenye doa mezani. Nilihisi damu ikipanda kichwani. Sikumwuliza swali lingine. Nilitoa kitambulisho chake mfukoni, nikamwekea mkononi.

"Usirudi," nikamwambia. "Kwangu hakuna wagonjwa, na hakuna watu wawili kwa kadi moja."

Hakulia wala hakuomba. Alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti. Akachukua chupa yake akaenda. Alichouliza, akiwa mlangoni, ni kama anaweza kurudishiwa ile sindano. Nilimpa. Nilimpa kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika panya kwa mkia.

Nyumbani Ruiru nilimsimulia mke wangu nikitegemea atapiga mikono pamoja na kusema Ngai, Mungu wangu. Mke wangu ndiye anayewapikia uji wa saa nne kiwandani. Alikuwa anakata sukuma wiki, na hakuacha kukata.

"Ulimfukuza?"

"Nilimfukuza."

"Basi kesho nitapika sufuria moja tu."

Nikamwuliza sufuria moja kivipi. Akasema kwa miaka minne amekuwa akimpikia yule mama uji wake kando, kisufuria kidogo, bila sukari, na asichelewe kula hata dakika kumi, kwa sababu siku moja alichelewa akaanza kutoka jasho na kuongea kama mlevi, na wenzake wakamfunika kwa mwili mpaka nilipopita.

"Ulijua," nikasema.

"Meza zote nne zinajua. Hata karani wako anajua."

"Na hukuniambia mimi, bwana wako."

"Ningekwambia, ungefanya nini?"

"Ningemfukuza."

"Haya," akasema. "Jibu umejipa."

Sikula usiku ule. Si kwa huruma, sitadanganya. Ni kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba kwenye kiwanda nilichojenga kwa nyundo, mtu pekee asiyejua kinachoendelea alikuwa mimi. Watu ishirini, na mke wangu juu, walikuwa wamejifunza kunizunguka kama vile maji yanavyozunguka jiwe.

Baada ya majuma mawili nikaletewa barua. Ofisi ya kazi ya serikali inaniita, yule mama amelalamika. Sikufichi, nilifurahi. Nilijiambia, sasa atafundishwa. Kwa sababu mimi nina kitu ambacho wenye viwanda wengi wadogo hawana: nina madaftari. Kila mwaka daftari lake, kila asubuhi jina na alama. Nilimwambia karani ayatoe yote sita. Karani akanitazama, akasema, "Mzee, yote? Si ubebe moja tu?" Nikamwambia yeye ni karani, mimi ndiye mwenye kesi. Niliyatia kwenye gunia safi la makadamia, nikalibeba begani mpaka ndani ya ofisi, na nilipolitua mezani lilifanya kishindo.

Afisa alikuwa msichana wa umri wa kitinda mimba wangu. Aliniamkia vizuri, akanipa kiti. Yule mama alikuwa ameketi upande wa dirisha na chupa yake mapajani. Alikuwa amekonda zaidi.

"Mzee, huyu mama amekufanyia kazi muda gani?"

"Siku moja moja," nikasema.

"Siku moja moja ngapi?"

"Msichana wangu, kwangu hakuna hesabu hiyo. Kila asubuhi namwandika upya, kila jioni namrudishia kitambulisho. Nimekuletea ushahidi. Soma."

Akasoma. Alisoma polepole, anafungua kurasa moja moja, kidole kikishuka. Mimi nilijinyoosha kitini. Nikaona ni vizuri nimsaidie, nikamwambia kwangu kazi haikatiki kama kwa wengine. Msimu ukiisha tunachambua ya stoo, na stoo ikiisha msimu mwingine umefika. Kwamba tangu nifungue geti hilo sijawahi kulifunga ila Krismasi na Pasaka. Kwamba mtu akija kwangu ana uhakika.

"Ana uhakika," akarudia, na akaandika kitu.

Alipofika daftari la sita alilifunga, akaweka mikono juu yake. Akaniambia kwa sauti ya chini, bila dharau, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Sheria, alisema, haiangalii kama namwandika asubuhi au jioni. Kibarua akifanya kazi mfululizo hata siku zikatimia mwezi, au akipewa kazi ambayo haiwezi kuisha ndani ya miezi mitatu, huyo si kibarua tena. Anahesabiwa ameajiriwa kwa mwezi, hata kama bosi wake hataki, hata kama wote wawili hawajui. Ana siku zake za kuugua zinazolipwa, akileta barua ya daktari. Haondolewi bila notisi, na kama ni kwa kosa au kwa ugonjwa, haondolewi kabla ya kuelezwa kwa nini na kusikilizwa.

"Mzee, sijahitaji shahidi mwingine," akasema. "Huyu mama hana karatasi hata moja. Karatasi zote umezileta wewe."

Nilitazama lile gunia. Nakumbuka nilisoma maandishi yaliyokuwa juu yake, kilo hamsini, kilo hamsini, kama mtu asiyejua kusoma.  Kumbe kwa miaka sita, kila asubuhi nilipomwambia karani atie ile alama nikidhani naachana na yule mama, nilikuwa naandika kwamba ni wangu.

Nikashika kitu cha mwisho nilichokuwa nacho. Nikasema, hizo alama si zake zote, huyu mtu alikuwa anamtuma mwingine. Afisa akageuka kumwuliza kama ni kweli. Mimi nilijua atakataa. Mimi ningekataa. Sikuwa na ushahidi wowote, meza zote zingemfichia, na alama zilikuwa zinamtetea.

"Ni kweli," akasema. "Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi si mimi. Hizo siku zitoe."

Afisa alifungua tena daftari la kwanza. Halafu kweli akazitoa, moja moja kwa penseli, daftari kwa daftari, mimi nikiangalia. Akamwambia yule mama kwamba hilo lilikuwa kosa, na kwamba kwa kosa hilo ningeweza kumpa onyo la maandishi na lingekuwa halali. Akamkaripia vizuri, mpaka nikaanza kupumua. Kisha akanigeukia.

"Sasa hata bila hizo siku, bado ni wako. Nikuulize, Mzee. Siku uliyomwondoa, ulimsikiliza?"

"Nilimwuliza sindano ni ya nani."

"Ulimwuliza anahitaji nini ili afanye kazi na huo ugonjwa?"

Nilitaka kusema kwamba mimi si daktari. Lakini kabla sijafungua mdomo yule mama alikuwa ameshajibu, akitazama chupa yake. Alisema anahitaji kula saa nne bila kuchelewa. Mahali safi pa kujidungia pasipokuwa choo. Mahali pa kutupa sindano. Na Alhamisi moja kwa mwezi. Mimi nikangoja aendelee. Nilingoja kweli. Nilidhani huo ulikuwa mwanzo.

Hakukuwa na kingine.

Watu wananiuliza kilichonishtua siku ile kama ni sheria. Sheria ilinishtua, ndiyo. Nimezungumza na wenye karakana wenzangu kutoka Ruiru mpaka Juja, na wengi bado wanaamini, kama nilivyoamini mimi, kwamba kibarua akirudishiwa kitambulisho jioni ameachwa. Wengine wanawatoa watu wiki moja kila baada ya miezi miwili, wakidhani wameikwepa. Lakini kilichonikaa kifuani ni udogo wa ile orodha. Uji kwa wakati, ambao mke wangu alikuwa tayari anampa kwa siri. Kona safi. Kopo. Alhamisi. Kwa vitu hivyo vinne, mwanamke mwenye akili zake alikuwa ameishi miaka sita kama mwizi ndani ya banda langu, na akafundisha watu ishirini kumfichia.

Tulielewana pale pale ofisini, na ya zile siku alizokaa nyumbani tuliyamaliza. Hayo si ya kuandika hapa. Jumatatu alirudi kwenye kiti chake. Karani aliandika barua ya kazi, nikatia sahihi yangu, ile ninayoichora polepole. Wenzake walipoona, mmoja wa meza ya kwanza, mama mnene mwenye mdomo, akaniuliza kwa sauti kama na wao waanze kuugua ndipo waandikiwe. Walicheka wote. Mimi sikucheka, kwa sababu nilirudi ofisini kwangu nikafungua madaftari na kuona kwamba kumi na saba kati yao walikuwa wamepita mwezi zamani sana. Ilibidi niwaandikie wote. Karani alikuwa anaandika, mimi nimekaa kando yake, na kila jina aliloandika nilikuwa nasema moyoni, hata huyu? Hata huyu.

Lakini mazoea ni mazoea. Asubuhi bado walisimama nje ya geti wakingoja, na mimi bado niliwaita.

Sasa ikafika Alhamisi ya kwanza ya mwezi uliofuata. Nilifungua geti saa kumi na mbili na nusu, kijibaridi kimeshika, na yule mama alikuwa wa kwanza kwenye foleni, chupa mkononi.

"Leo si kliniki?" nikamwuliza.

"Ni leo, Mzee."

"Na hapa unafanya nini?"

"Nimekuja kazi."

Nikamwambia aende hospitali. Hakusogea.  Nikaona macho yake yakiangalia ng'ambo ya barabara, nikaangalia huko, na pale kando ya kibanda cha mahindi nikamwona mwanamke mwingine mwembamba, ana koti jeupe chini ya kwapa. Niliyajua yale macho. Nilikuwa nimeyapitisha getini mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema. Ni wifi yake. Walikuwa wamekuja wote wawili, ili nikimkataa mmoja awepo wa pili.

Nilikasirika. Nikamwuliza kama ile barua hakuisoma.

"Niliisoma. Hata wifi yangu nilimpa asome."

"Na inasema nini kuhusu leo?"

"Inasema niende kliniki na kiti ni changu."

"Sasa?"

Aliangalia geti, kisha mimi. Nadhani alikuwa anapima kama ni salama kusema.

"Barua ni ya ofisi, Mzee," akasema. "Geti ni lako."

Mimi ni mtu wa majibu. Nimejibizana na madalali, na wanunuzi wa suti, na maaskari wa kaunti.  Kwa huyu nilisimama tu na funguo mkononi, watu wote wakinitazama mdomo, na nikaona kwamba sahihi yangu mbele ya huyu mtu haikuwa na thamani ya kitu chochote, na kwamba ni mimi niliyeifanya hivyo, asubuhi baada ya asubuhi.

"Kiti chako hakikaliwi na mtu leo," nikamwambia. "Si wifi yako, si mwingine. Kitakuwa kitupu."

"Na kesho?"

"Kesho uje."

"Utaniita?"

"Sikuiti. Utaingia tu."

Alitikisa kichwa kama mtu anayekubali asichokiamini, akasogea pembeni kupisha wenzake. Niliwaingiza. Baada ya hao kulikuwa na wanawake watatu wageni waliokuja kutafuta kibarua, na mmoja wao, aliyekuwa amesikia yote, akaniambia, "Mzee, kama kuna kiti kitupu, mimi niko." Nikamwambia hakuna. Nilisema kwa sauti, ili isikike ng'ambo.

Kisha nikafunga geti, nikabaki ndani nikichungulia kwenye ufa. Wale watatu waliondoka. Yule mama na wifi yake walikuwa bado pale kando ya kibanda cha mahindi, wamesimama bega kwa bega, wanalitazama geti. Walikaa hivyo mpaka niliposikia mashine ikiwaka nyuma yangu. Ndipo wifi akakunja lile koti, akalitia kwenye mfuko, na wakaanza kwenda hospitali kwa miguu.